Tulale Wapi Njiani? Majibu kwa Wasomaji Wanaosafiri na Familia

Kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa, barua zinazofika katika ukurasa huu hubadilika sura: za karo hupungua na za safari huongezeka. Mwezi huu nimechagua nne ambazo, kila moja kwa namna yake, zinauliza mahali pa kulala kabla ya kufika mwisho wa safari.

SWALI: Ndugu Mshauri, sisi ni familia ya watu sita tunaoishi Donholm: mimi na mume wangu, watoto wetu wa miaka 12, 8 na 3, na mama mkwe ambaye magoti humsumbua akikaa sana. Mwezi Desemba mpwa wetu anaolewa Dar es Salaam siku ya Jumamosi, nasi tumeamua kwenda kwa gari letu la abiria saba kupitia Namanga. Mume wangu anasema kwamba mabasi huondoka Nairobi alfajiri na kuingia Dar usiku huohuo, kwa hiyo nasi tunaweza. Akilazimishwa sana atakubali tulale Arusha usiku mmoja. Mimi naona tulale mara mbili. Tumebishana vya kutosha, na sasa tumeafikiana kwamba utakalosema ndilo tutakalolifuata. (Mama wa watatu, Donholm)

JIBU: Umenipa kazi ya kadhi, mama, na hukumu yangu ni kwamba mlale mara mbili. Naomba mzee wa nyumba asikasirike kabla ya kusikia sababu.

Nianze na hoja ya mabasi, kwa kuwa ndiyo inayowaponza akina baba wengi. Basi la masafa marefu huwa na dereva wa pili wa kumpokea wa kwanza, halisimami kila mtoto anapotaka kwenda haja, wala kondakta hageuki nyuma kuamua ugomvi wa nani aketi dirishani. Gari lenu lina dereva mmoja ambaye pia ni baba wa hao wanaogombana. Ninyi na basi mnatumia barabara moja, lakini hamfanyi safari moja.

Kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam kwa njia ya Namanga, Arusha, Moshi, Korogwe na Chalinze ni takriban kilomita 900. Mtu akizigawa kwa mbili hupata 450 kwa siku na kuona kuwa ni kazi ndogo, kwani hata Mombasa ni 480 na watu huenda wakaiona bahari jioni ileile. Kosa liko hapo. Safari yenye watoto na wazee hupimwa kwa saa za mwanga, na huku kwetu karibu na ikweta saa hizo ni 12 tu, iwe Juni au Desemba. Jua huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu, na giza letu halina subira: hujamaliza kuuliza njia kwa mwenye duka, tayari humwoni uso. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba mahali pa kulala pafikiwe saa kumi jioni, au saa kumi na moja mambo yakienda mrama. Ukifika mapema unakagua chumba kabla ya kulipa, watoto wanakimbia uani hadi miguu ichoke, unatazama magurudumu, na chakula kinaliwa saa moja badala ya saa nne. Sasa tuhesabu kwa kurudi nyuma.

Siku ya kwanza ondokeni Donholm saa kumi na moja alfajiri, kabla malori na matatu hayajaujaza mkondo wa Mlolongo, Athi River na Kitengela. Namanga ni kilomita kama 165, na mkisimama mara moja mtafika karibu saa tatu. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2018 kimerahisisha mambo, kwa maana mihuri ya kutoka na ya kuingia hupigwa chini ya paa moja, lakini watu sita pamoja na gari msiwahesabie chini ya saa moja na nusu. Kwa Desemba andikeni saa mbili. Kitambulisho cha taifa, ambacho Wakenya wengi wamezoea kukitumia kuingia Uganda na Rwanda, hakitoshi upande wa Tanzania: kila mmoja, hata yule wa miaka 3, awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Chukueni kadi za chanjo ya homa ya manjano, mkikumbuka kwamba chanjo hiyo huhesabiwa kuwa imefanya kazi baada ya siku 10, hivyo kuchanjwa wiki ya safari hakusaidii. Gari nalo liwe na hati ya umiliki na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Huenda ukajiuliza makaratasi yana uhusiano gani na malazi. Uhusiano ni kwamba familia inayokwama mpakani hadi saa nane mchana haiifikii Moshi. Italala popote itakapoangukia.

Mkishapita salama, Arusha iko mbele yenu kwa kilomita kama 110 kupitia Longido, na hapo mtakula chakula cha mchana. Mume wako anapendelea kulala hapo. Mimi ningewasukuma kilomita 80 zaidi hadi Moshi, kwanza kwa sababu zinapunguza mzigo wa kesho, na pili kwa sababu ya Kilimanjaro. Mlima huo wenye mita 5,895 huonekana vizuri alfajiri, kisha mawingu huufunika kadiri asubuhi inavyosonga. Watoto wanaoamka Moshi saa kumi na mbili wana nafasi njema ya kuuona, ilhali wanaopita saa saba mchana huonyeshwa wingu na kuambiwa mlima uko nyuma yake. Hata hivyo, saa nane ikiwakuta bado hamjaingia Arusha, laleni Arusha bila kujuta. Kila siku ya safari iwe na kituo chake na kituo kingine cha akiba kilicho karibu zaidi, nacho kijulikane kabla ya kuondoka nyumbani, maana dereva aliyechoka si mtu wa kufanya naye kikao cha kubadilisha mpango.

Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam zinabaki kilomita kama 550, na hapa ndipo ninapoachana kabisa na mzee. Barabara ni ya lami na inapendeza, milima ya Upare na kisha ya Usambara ikiwafuata upande wa kushoto, lakini inapita katikati ya vijiji vingi vyenye kibao cha kilomita 50 kwa saa, na askari wa huko wana kifaa cha kupimia mwendo ambacho madereva wanakiita tochi. Ukiheshimu vibao, kama unavyopaswa, wastani wako hushuka sana. Familia inayoondoka Moshi asubuhi kwa nia ya kulala Dar huikuta Chalinze jioni, pale malori ya barabara ya Morogoro yanapoungana na magari yatokayo kaskazini, kisha huingia Kibaha na Kimara gizani katika foleni, mtoto akilia na mama mkwe akiwa hawezi tena kuyakunja magoti. Sehemu ngumu kuliko zote inaangukia saa ambayo nyote mmechoka kuliko wakati wowote.

Kwa hiyo siku ya pili laleni Korogwe. Iko kama kilomita 265 kutoka Moshi, karibu nusu ya sehemu iliyobaki, na mnaweza kunywa chai kwa utulivu, mkaondoka saa mbili, mkala Same na kufika kabla ya saa tisa. Korogwe ni mji wa joto katikati ya mashamba ya mkonge, na mtu atakayewaambia kwamba ni mahali pa utalii amewadanganya. Mnautaka kwa sababu uko mahali panapofaa na umezoea wasafiri. Mbu wapo, na watoto waliokulia Nairobi, ambako malaria ni haba, hawana kinga ya kujivunia, hivyo vyandarua vikaguliwe kabla ya mizigo kushushwa. Mama mkwe aombewe chumba cha chini kisicho na ngazi.

Mtashawishika kupinda kushoto pale Mombo mkapande Lushoto, ambako kuna baridi tamu na matunda. Ni kilomita 33 za kona juu ya kona, na mtoto wa miaka 3 huenda akazilipa kwa kutapika. Lushoto ni pa kukaa siku mbili, kwa hiyo iwekeni wakati wa kurudi.

Siku ya tatu ondokeni Korogwe saa moja asubuhi, na mbele yenu kutakuwa na kilomita 300 hivi. Mtaingia Dar es Salaam mchana, kabla ya foleni ya watu wanaotoka kazini. Ikiwa harusi ni Jumamosi, kuondoka Jumatano kunatosha, ila mimi ningeondoka Jumanne, ili Ijumaa iwe ya kupiga nguo pasi na kuwasalimia wazee.

SWALI: Mshauri, tunakwenda Mombasa na mama yangu mwenye miaka 74, ambaye hujidunga sindano za kisukari, pamoja na mtoto wa miezi minane. Tumepanga kulala Mtito Andei kwa sababu ndipo katikati. Je, tumefanya vizuri? (Binti yake, Kahawa West)

JIBU: Hilo, dada, linategemea saa mtakayoondoka kuliko linavyotegemea ramani. Katikati ya njia na katikati ya siku ni vitu viwili tofauti.

Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi mtakuwa Mtito Andei saa tano hivi, hata mkisimama mara mbili. Mtafanya nini hapo hadi usiku, katika joto lile, mtoto akizunguka kitandani na bibi akitazama dari? Asubuhi ya namna hiyo inawapeleka Voi, kilomita kama 330 kutoka Nairobi, ambako mtafika saa nane mchana na kupata muda mrefu wa kupumzika. Zitabaki kilomita 150 hivi, mtakazozimaliza kesho yake asubuhi mama akiwa na nguvu, na hata malori ya Mariakani na Changamwe yakiwachelewesha, mchana bado utakuwa mrefu mbele yenu.

Lakini kama mnangoja watu watoke kazini Ijumaa mchana, basi Mtito Andei inaweza kuwa mbali mno, na afadhali mlale Makindu au Kibwezi. Msijaribu kuifikia Voi usiku. Barabara hapo imepita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ndovu huivuka, na trela lililoharibika bila taa ni la kuogopwa kuliko ndovu. Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo kwa miaka mingi limewapa wasafiri wa kila dini chakula na hata mahali pa kulala bila kuwatoza, mgeni akitoa sadaka kwa hiari yake. Masharti ni mepesi nayo ni ya kuheshimiwa: kichwa kifunikwe, viatu vivuliwe, na pombe, sigara na nyama visiingizwe. Hata msipolala, mahali hapo panafaa kwa mapumziko ya saa nne asubuhi.

Kuhusu mama, mwulizeni daktari wake kabla ya safari namna ya kupanga sindano na milo. Dawa yenyewe isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani wala isiwekwe kwenye buti. Ikae katika chombo cha kuhifadhi ubaridi bila kugusana na barafu, na mnapopiga simu kuuliza chumba, ulizeni pia kama jikoni kuna friji. Jambo ambalo watu husahau ni saa ya chakula cha jioni. Nyumba nyingi za njiani huanza kupika mgeni anapoagiza, na kuku wa kuagizwa saa moja huletwa saa tatu, jambo ambalo kijana atalilalamikia tu, lakini mtu aliyekwisha kujidunga hawezi kulingoja. Agizeni mnapofika, kabla hamjaoga. Njiani asimame atembee kidogo kila baada ya saa mbili, miguu isivimbe. Mtoto naye abebewe chandarua chake mwenyewe, kwa sababu vitanda vya watoto wachanga si kitu cha kutegemea.

SWALI: Ndugu Mshauri, tunakwenda Kampala na watoto wanne. Shemeji yangu anaishi Nakuru na mjomba wa mke wangu yuko Eldoret. Ili kupunguza gharama tungependa kulala kwa jamaa, lakini tunaogopa kwamba tukilala kwa mmoja tutakuwa tumemdharau mwingine. (Baba wa wanne, South B)

JIBU: Kaka, Nakuru iko kilomita 160 tu kutoka Nairobi. Kulala hapo siku ya kwanza ni sawa na kulala mlangoni pako. Kunyweni chai ya saa nne kwa shemeji, salamu zitoke, picha zipigwe, kisha mwendelee. Eldoret, kwenye kilomita 310 hivi, ndiyo inayofaa kulala: mtakuwa mmezipita Salgaa na Sachangwan mchana, pamoja na ukungu wa Timboroa, na kesho yake mpaka wa Malaba hauzidi safari ya saa tatu. Masweta yawekwe juu ya mizigo, kwani Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na jioni zake si za kaptura.

Kuhusu kulala kwa jamaa, nakubali kwamba hakuna malazi mazuri kuliko hayo kwa watoto, ila msijidanganye kwamba ni ya bure. Hamtaingia mikono mitupu, na sukari, unga, mafuta na kitu cha kumwachia mzee, ukivijumlisha, huenda vikakaribia bei ya chumba. Gharama kubwa zaidi ni ya muda. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Shida yenu haitakuwa jembe, itakuwa kuachiliwa alfajiri. Mazungumzo yatafika saa sita usiku, na asubuhi hamtaruhusiwa kuondoka kabla ya chai, na chai hiyo itakuwa na chapati ambazo bado hazijakandwa. Mpigie mjomba simu wiki moja kabla, wewe mwenyewe na si mkeo, umweleze kwa heshima kwamba saa kumi na mbili asubuhi lazima muwe barabarani kwa sababu ya malori ya Malaba. Mzee akiambiwa mapema hukubali. Akiambiwa usiku uleule huona anakimbiwa. Kisha muahidi shemeji wa Nakuru usiku wa kurudi, wakati ambapo mkichelewa kuondoka hamtapoteza kitu, na ahadi hiyo muitimize.

SWALI: Je, ni lazima kuweka nafasi mapema, au mtu aweza kutafuta chumba akishafika? (Msomaji, Rongai)

JIBU: Ukiwa peke yako, tafuta ukifika. Ukiwa na familia, weka nafasi, na mwezi Desemba usitarajie huruma ya mtu.

Elewa pia maneno ya vibao. Upande wa Kenya, kibao cha hoteli kando ya barabara mara nyingi humaanisha chai na maharagwe, na ukiuliza kitanda utatazamwa. Upande wa Tanzania tafuta gesti au nyumba ya wageni, na ukitaka chumba chenye choo na bafu lake uliza selfu. Gesti iliyoshikana na baa haifai watoto hata ikiwa safi kama mboni ya jicho, hasa Jumamosi. Utaandikwa katika kitabu cha wageni, jina, utokako na uendako, kwa hiyo vitambulisho visizikwe chini ya mizigo.

Kuweka nafasi peke yake hakutoshi. Mwaka mmoja nilifika saa tatu usiku katika mji mdogo, nikiwa na watoto wawili waliosinzia, nikakuta chumba nilichoahidiwa kwa simu amepewa mtu aliyefika saa kumi na fedha mkononi. Tulilala garini, uani, mbuzi wa mwenye nyumba wakitukagua. Tangu hapo hutuma malipo ya awali kwa simu, huhifadhi ujumbe, na hupiga tena saa sita mchana siku ya safari kusema nilipofika. Katika simu hiyo huuliza mambo manne: kama gari litalala ndani ya lango lenye mlinzi, kama maji yanatoka bombani leo, kama vyumba vyetu vinapakana, na lango hufunguliwa saa ngapi asubuhi. Hilo la mwisho huwachekesha wengi. Ukishafika, egesha gari likielekea nje, na umwombe mlinzi asimruhusu mtu kuegesha mbele yako, kwa kuwa mwenye gari lililokuziba huwa ndiye mgeni anayelala hadi saa tatu.